Mihayo Anatafsiri

Si Kihindi hiki, alituambia, ni Kitamili,
na herufi zake zikapanda kwenye kioo
mviringo, mviringo, kama vitumbua karaini.
Hakujua hata neno moja. Nasi tulijua kwamba hajui.
Tulilipa mia mbili mbili, tukabanana kwenye mabenchi
bandani kwa Nkuba, Sikonge, msimu wa masoko,
viganja vyetu bado vyeusi kwa ulimbo wa tumbaku.
Nje jenereta likikohoa. Mimi ndiye niliyelinywesha petroli.

Mihayo, kwa Kinyamwezi, ni maneno.
Baba yake alimwachia jina, hakumwachia kingine.
Alikuwa mlinzi wa ghala la chama
usiku ule lilipoungua na vitabu vya hesabu ndani,
na kesho yake wakaguzi walikuwa waje kutoka Tabora.
Marobota yalishaondoka. Moto ulikula karatasi tu.
Mlinzi akafungwa kwa uzembe.
Alirudi ndani ya sanda.

Sasa kiooni waziri mwenye masharubu
anashuka garini, shuka nyeupe kiunoni,
maua shingoni, anacheka kwa meno ya juu peke yake.
Mihayo anashika maiki, anabana pua:
"Ndugu wananchi, bei ya mwaka huu ni nzuri,
ila mizani yangu inaumwa macho,
kilo themanini inaiona hamsini.
Mbolea nimewakopesha hata marehemu,
na marehemu, kwa heshima zao zote, hawajanilipa."
Banda likacheka. Likacheka, kisha likapungua,
maana mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono,
alikaa Mheshimiwa Kafuku, diwani, zamani katibu wa chama,
mjukuu pajani, akimmenyea karanga.

Filamu ikaenda zake. Kijana wa mle,
ambaye mama yake alisukumwa kisimani,
akanoa panga wimbo mzima.
Mvua. Ngazi. Walinzi kumi na mmoja,
kumi na mmoja chini.
Waziri kapiga magoti, panga likapanda,
na Mihayo akabonyeza kitufe.

Panga hewani. Matone ya mvua hewani.
"Hapana," akasema, sasa kwa sauti yake, si ya puani,
"huyu hafi. Akifa tumezika na majibu.
Kijana anamwambia: jifute uso.
Anamwuliza: ufunguo wa ghala ulilala kwa nani?
Anamwuliza: petroli lita ngapi, na risiti iko wapi?
Anamwuliza: mzee aliposimama kizimbani akakutazama,
wewe ulikuwa unatafuna nini?"

Ganda la karanga likavunjika mahali. Basi.
Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi ya jenereta,
ningelizima, giza lingetustiri sote.
Sikulizima. Nalisema hili
kwa sababu ndilo pekee nililofanya.

Mheshimiwa akainuka polepole, akampangusa mjukuu mdomo.
"Nkuba," akaita, "vijana wana kiu.
Kreti mbili. Za baridi."
Zikaja. Vizibo vikaruka kimoja kimoja,
na watu wakakumbuka kwamba kumbe wanaweza kuongea:
mvua, bei ya mkaa, nani kafunga ndoa Ipole.
Nilikunywa. Ya machungwa.
Sijawahi kunywa soda tamu vile, Mungu anisamehe,
hata gesi yake ilinipanda puani
nikatoka machozi, nikasema ni gesi.

Mihayo hakubonyeza tena.
Tulikaa, tukatoka wawili wawili, bila kuagana,
na saa nne na robo petroli ikakata
waziri bado yuko magotini.

Chupa arobaini na nane. Nilizikusanya kwa tochi.
Arobaini na saba zilikuwa tupu.
Moja niliikuta juu ya deki, na kizibo chake,
imetoa jasho mpaka ikalowesha waya.
Sikuirudisha kretini.
Nkuba alinikata pesa ya chupa.